Mwerebi Uliofungwa Leso

Kalama, Machakos
8 Septemba 2002

Kwa dada yangu mpendwa Mukai,

Pokea salamu zetu, wewe na shemeji Abshir pamoja na watoto. Mnaendeleaje na baridi ya Nakuru? Sisi tuko wazima, ila kiangazi kimetukaba. Punda anaenda mbali kutafuta maji mpaka siku hizi anatuangalia vibaya.

Ule mche wa mwerebi uliotuma mwaka jana ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo ulishika, na sasa umenipita kimo. Lakini dada, mambo ya mti huu yamenichanganya kabisa.

Ulipofika, Mama aliuliza umetoka kwa nani. Nilipomwambia, alisema mtu aliyeondoka nyumbani bila kuaga akaolewa na Msomali muuza ng'ombe hana haja ya kumtumia miti. Alinikataza kuupa hata tone la maji ya mtungi. Basi nikaupanda nyuma ya jikoni, nikawa naumwagia maji ya kuoshea vyombo kila jioni nikitoka kazini. Cha ajabu, kila nikienda nakuta udongo umeshalowa. Nilimshuku mke wangu Munyiva, akaapa hajui lolote. Nikafikiri labda chini kuna chemchemi, na nikaanza kupiga hesabu za kuchimba kisima. Kichwa changu nacho!

Jumatano nilirudi mapema. Nilimkuta Mama, ambaye hajalitaja jina lako tangu uondoke, amechutama pale mtini na mtungi wake. Alikuwa ameipasua leso yake ya kuendea kanisani na anayafunga matawi kwa vile vipande ili yasimame. Alikuwa analia. Alisema mti una ugonjwa, kila tawi linaanguka chini, na ameunywesha hadi maji yake ya kunywa lakini wapi. Kisha akaniagiza nikuandikie uje uuone mwenyewe, asije akauua mti wa mtoto wake.

Sikujua nicheke au nilie. Jana nilienda mjini kwa Josphat, yule anayeuza miche karibu na soko, nikamweleza. Alicheka sana. "Huo mti hauko na shida, bwana," aliniambia. Mwerebi huinamisha matawi hivyo hivyo ukiwa na afya, na hizo leso tuzifungue.

Dada, sijamwambia Mama. Najiona mwongo, na bado sijui kama ninakosea. Akijua mti ni mzima atatulia, na akitulia nahofia hasira zake zitarudi. Leo asubuhi amefagia chumba chako, akaanika godoro. Tafadhali njooni upesi, wewe na Abshir na watoto, na mkifika msimsahihishe.

Munyiva anawasalimu sana. Wapapase watoto vichwa kwa niaba ya mjomba wao.

Ni mimi ndugu yako,
Kyalo

Mama amesimama hapa mlangoni. Anauliza kama nimeandika kwamba mti ni mgonjwa sana. Nimemwambia nimeandika.