Popo Aliyeingia Chumba cha Cherehani

Mwalimu Haruna, rafiki yangu,

Kwa heshima zote natangaza rasmi kwamba paka wako amehamia kwangu. Analala juu ya vitambaa vya wateja, na nusu ya mji wa Rumonge sasa inavaa manyoya yake.

Nimeanza na paka kwa sababu naogopa kufika kwenye habari yenyewe.

Unakumbuka jioni zile, umetoka shuleni, unakaa kando ya cherehani yangu na kunipangia wanyama wa dunia? Wanaonyonyesha ni ukoo mmoja, ulisema. Wachache wanataga mayai. Wengine, kama kangaruu, wanalelea watoto mfukoni. Waliobaki, na sisi tumo, mtoto anakomaa tumboni. Nikakuuliza ni fundi gani aliyemshonea kangaruu mfuko usiochanika, nimfuate anifundishe. Ulicheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali ya mteja.

Ila kwa popo hatukupatana.

"Fundi, popo iko munyama! Inanyonyesha!"

"Prof, munyama wa mabawa? Ile iko ndege."

Ukaenda kaburini na ubishi wako, Haruna. Nikabaki na wangu.

Wiki iliyopita popo aliingia ndani. Unajua kwetu ndege akiingia hapigwi: ni mgeni, anatolewa taratibu kwa mikono. Nikamwambia binti yangu Zawadi, "Mutoe mugeni." Akamshika. Popo akamng'ata kidole.

Mama yake akasema, "Mupake mawese, iko ndege tu." Nikachukua chupa. Hapo nikakusikia, kwa sauti yako ile ya darasani: kichaa cha mbwa kinakaa kwa wanaonyonyesha, ndege hawana.

Tulimwosha kidole kwa sabuni na maji mengi, tukaenda hospitali. Amechomwa sindano, nyingine bado. Kila asubuhi nampa maji na kumtazama koo akimeza, maana mwenye kichaa hicho hushindwa kumeza maji. Jana akaniambia, "Baba, mimi si ndagala wa ziwani." Nikacheka. Halafu nikamwongezea kikombe.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi hatakosa sindano hata moja, nitampeleka mwenyewe.

Majirani wananisifu, eti nilikuwa na akili ya haraka. Wewe nikuambie ukweli. Nilisimama na ile chupa ya mawese, mtoto analia, na sikukimbilia hospitali. Nilikuwa nakuomba, Haruna, mara hii moja tu, uwe umekosea.

Fundi wako,
Saidi