Dirisha la Ofisi na Usingizi wa Mzee Protais

Kamembe, Rusizi
14 Agosti 2024

Mpendwa Baba mdogo Nasiri,

Assalamu alaykum. Je, goti lako limepata nafuu huko Liège? Sisi hatujambo. Mama anaendelea na dawa zake za presha, na kicheko chake bado husikika hadi barabarani.

Kiangazi kimepamba moto, na ziwa limefichwa na vumbi. Joto hili hunirudisha kwenye karakana yako ya ushonaji: mlango wazi upande wa maji, na baada ya sala ya adhuhuri ulikuwa ukizima pasi na kutuambia, "Pumukeni, batoto. Mashine haina miguu." Tulilala juu ya vipande vya vitenge, wala hakuna aliyetuita wavivu.

Ofisini mambo ni mengine. Tuko kumi na wawili chumbani, madirisha yamefungwa tangu asubuhi, maana kwetu, kama ujuavyo, kwa kila kikohozi hulaumiwa upepo. Nikigusa komeo tu, Drocella wa masijala hupiga kelele: "Maman, unatafuta kutuua na imbeho? Funga!" Baridi gani, katika jua hili? Lakini nafunga. Ikifika saa nane, hewa imekwisha na macho yanauma.

Mwezi uliopita mkurugenzi aliingia ghafla akamkuta Mzee Protais, karani aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, amelalia mafaili. Ilikuwa mara ya tatu. Mimi, msimamizi wake, nikaagizwa kuandika ripoti ya kumwachisha kazi.

Nikaomba wiki moja. Kwa siku nne nilifungua madirisha, nikampa Drocella shali yangu. "Nikikufa, weye ndiye utapika chakula ya matanga!" alisema, akajifunika hadi masikioni. Hakukohoa. Protais hakusinzia.

Hata hivyo nasita kusema ni madirisha yaliyomponya. Siku mbili kati ya hizo kulikuwa na mawingu, na huenda mzee alijikaza akijua anatazamwa. Pengine ni mapenzi yangu kwa karakana yako yanayonifanya niamini hewa kuliko ushahidi.

Kwa hiyo niliandika jambo moja tu nisilolitilia shaka: kwamba mkurugenzi alimwona Protais kwa sababu meza yake iko mlangoni, na kwamba saa ile ile mimi pia nilikuwa nimelala, nimejificha nyuma ya kompyuta yangu.

Jana mkurugenzi aliisoma ripoti akiwa amesimama. "Na wewe, Madame?"

"Na mimi, Direkta."

Hajatoa uamuzi. Tuombee sote wawili.

Mama na dada Umwali wanakusalimu sana, nasi tunamsalimu mkeo. Mola akulinde na akurejeshe kwetu ukiwa mzima.

Mwanao asiyeacha kukupenda,
Mwamini