Hirizi Kwenye Picha

Mjukuu wangu Nasra,

Salamu kutoka mtaani kwetu Tanambao. Sisi wazima. Mguu wa bibi yako umepona na ameanza tena kugombana na majirani.

Unaniuliza: madaktari wakiupiga picha ubongo wako, kabla na baada ya kumeza dawa ya kutuliza mawazo yanayorukaruka, je, itaonekana kwamba wewe ni mvivu tu?

Nilipotoka kisiwa cha Nosy Be kuja kuwa karani bandarini hapa Mahajanga, nilitakiwa kwanza kupigwa picha ya kifua. Niliogopa woga wangu utaonekana, ninyimwe kazi. Nikaificha chini ya shati hirizi ya mama, yenye kasha la madini ya fedha. Mpiga picha akaitazama picha, akacheka.

"Mdogo wangu, una sanduku kifuani!"

"Na woga je?"

"Woga nauona usoni. Hapa ni mapafu tu, tena mazima. Vua, turudie."

Kazi niliipata, nikaifanya pamoja na woga wangu. Nawe wataona ubongo unavyofanya kazi, na huenda dawa ikausaidia. Uvivu haupigwi picha.

Ila hirizi niliyokupa ivue, maana mashine hiyo ina sumaku. Siku hiyo nitaivaa yangu, ile ya mama, kwa ajili yetu sisi wawili.

Babu yako