Nafasi ya Supapu, Injini Ikiwa Baridi

Jumatatu, 9 Machi

Zoezi la tatu la kitabu cha ufundi, uani, kwenye pikipiki ya baba yangu, Papa, baada ya misa ya asubuhi. Kifuniko nimekifungua, buji, yaani plagi ya kuwashia, nimeitoa, alama ya T inayoonyesha pistoni iko juu kabisa imesimama mahali pake. Kale, yaani vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ya supapu, vali za injini, nimezifuta moja moja. Kisha nimerudisha kila kitu; kupima ni kesho.

Ijumaa nina mahojiano Beni: kazi ya ufundi wa mashine za kusukuma maji. Miaka mitano ya masomo, na chuoni tulizunguka injini moja wanafunzi arobaini. Niliiona juu ya mabega ya wenzangu. Nataka kufika na mikono inayojua. Papa atanipeleka kwa pikipiki hii hii, ambayo ndiyo inayotulisha.

Jumanne, 10 Machi

Nimemaliza. Kale inapita kwa ugumu kidogo, kama kitabu kinavyotaka. Injini imenguruma kwa utulivu kamili. Nimejivuna kupita kiasi.

Papa ametega sikio, akaniambia mimi binti yake: "Iko nyamaza sana, mama. Supapu inapaswa ongea kidogo."

Nimemjibu kwa Kifaransa kirefu kwamba injini nzuri haigongi.

"Ah bon, enjenyeri," akasema, akaenda kutafuta abiria.

Jumatano, 11 Machi

Ukungu. Pikipiki imekataa kuwaka. Papa alipiga kiki mpaka jasho likamtoka katika baridi ya saa kumi na mbili. Tuliisukuma mteremkoni, ikakohoa, ikazima. Wenzake wa pikipiki, ambayo wao huiita moto, wakasimama kutazama; mmoja akamwita Papa kwa jina:

"Kambale, ambia universitaire asomee moto diplome yake, pengine itawaka!"

Papa alicheka nao. Mimi nilijificha jikoni. Siku nzima hakufanya kazi. Nisipoirekebisha, sifiki Beni, na nyumba haili. Aibu tupu.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeusoma ukurasa upya kabla ya chai. "Injini iwe baridi." Lakini ilikuwa baridi! Ilikuwa imelala usiku kucha. Mama akanisikia nikibishana na kitabu, akacheka. Kumbe kila asubuhi nikiwa kanisani, Papa huitoa pikipiki na kuiacha ingurume. Wiki hii aliiacha muda mrefu zaidi. Vidole vyangu vilivyotoka kwenye ukungu viliona raha tu ya joto la chuma; havikuuliza.

Nilimwendea Papa. Alitazama viatu vyake.

"Niliwasha juu ya mikono yako, isisikie baridi. Chuma ya asubuhi inauma, mama."

Basi nilipima chuma kilichopanuka. Usiku kikasinyaa, nafasi ikaisha, supapu hazikufunga tena vizuri. Nguvu ya kuwasha ikavujia hapo.

Leo sikwenda misa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nikaanza upya: T mahali pake, supapu zote mbili zimefunga, legeza nati, ingiza kale, geuza skrubu, kaza, pima tena. Vidole viliganda. Nati ilinidondoka mara mbili. Papa alinishikia tochi ingawa kulikuwa kumekucha.

Imewaka kwa kiki ya kwanza. Inaongea kidogo.

Nampenda mzee huyu.

Ijumaa, 13 Machi

Beni. Waliponiuliza juu ya uzoefu wangu, hotuba niliyoitayarisha kwa Kifaransa haikutoka. Niliwaeleza kosa langu, na mapenzi yaliyolisababisha. Mmoja wao alivua miwani, akacheka sana, kisha akaniuliza ningetumia kale ya ngapi kwenye supapu ya moshi. Nilijibu bila kufikiri.

Nimepokewa kwa majaribio ya miezi mitatu. Naanza Jumatatu. Nitakaa hapo hapo Beni.

Papa alikuwa akisubiri langoni. Nilipomwambia, alisema neno moja la shukrani kwa Kinande, lugha yetu, "Wasingya," sijui kwangu au kwa Mungu. Tulirudi nyumbani Butembo, mimi nyuma yake. Mabega yake yalikuwa yamenyooka kama ya kijana.

Jumapili, 15 Machi

Nimefunga mizigo. Papa ameomba nimwachie kale na nimwandikie hatua zote. Nimeandika kwa maneno yake, nusu ukurasa, bila Kifaransa. Amesoma polepole, kidole kikifuata mstari, akaikunja karatasi na kuiweka pamoja na kadi yake ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chake.

Kisha ameniletea blanketi nzito ya kitanda chao. Nimemwambia kwamba Beni kuna joto.

Ameisukuma ndani ya mfuko wangu hata hivyo.