Nani Atamwoza Swaumu

Jumatatu, 1 Julai 1946
Leo wamekuja watu wa Mbwawa. Posa ya Abeid tumeipokea — alhamdulillahi! Wanataka ndoa kabla ya Ramadhani. Mwanangu Swaumu kajificha jikoni, nimemchungulia, anacheka peke yake. Laiti baba yake angekuwepo. Miaka mitatu sasa tangu Mbaraka aende vitani Bama, kupigana na Wajapani. Barua moja tu. Wenzake wawili wa hapa Chole wamerudi. Hawakumwona, wala hawakumzika.

Alhamisi, 4 Julai
Nimekwenda kwa shemeji Mwinyijuma, mdogo wake Mbaraka, awe walii wa Swaumu, amwoze badala ya baba yake. Nilidhani jambo dogo. Kakubali upesi mno. Halafu:
"Ila nikioza mimi, shemeji, ujue kaka amekufa. Baba akiwa hai mimi sina mkono humo. Basi ukae eda, na mikorosho yake tuigawe."
Mkewe kadakia toka ndani — mwenye eda hapiki pilau ya arusi! Wakacheka. Chai sikuimaliza.

Ijumaa, 5 Julai
Nimemvizia Mwalimu Pazi baada ya sala. Anasema baba akiwa mbali, anayeoza ni liwali kule Kisarawe, siyo ami. Nikamuuliza, na asiyejulikana aliko, naye yuko mbali? Kakuna ndevu. Wapo wanaosema mke angoje miaka minne, wapo wanaosema mpaka ije habari ya hakika. Na eda nihesabu tangu afe au tangu niambiwe? Siku yenyewe nani anaijua?
"Bi Mwanaasha, unauliza kama wakili!"
Sasa nimuulize nani mwingine?

Jumanne, 9 Julai
Swaumu kasikia yote. "Mama, baba asife kwa ajili ya arusi yangu. Nitangoja." Nimemfokea. Atangoja nini? Watu wa Mbwawa wameshataja msichana mwingine, wa Kwala. Baadaye nikamsuka. Nimefungua sanduku. Kanga nyekundu aliyoninunulia Mbaraka siku ya kuondoka bado nzima. Nimeianika.

Jumatatu, 15 Julai
Kisarawe, nje ya baraza. Liwali na karani wamekwenda kusali adhuhuri, nami naandika kwa penseli.
Mwinyijuma kasema hamuui kaka yake, lakini aliye hai huandika. Nikasema mikorosho ya Mbaraka nimeipalilia mwaka huu pia, sijapalilia ya maiti. Watu wakacheka, liwali akawanyamazisha. Kasema mambo ya ndoa anayajua, ila ya aliyepotea vitani hajapata kuyaamua. Jeshini wameandikiwa, hawajajibu. Basi ni neno langu. Nikisema Mbaraka amekufa, Mwinyijuma anaoza leo hii, mimi naingia eda, mikorosho inagawiwa. Nikisema yu hai, liwali ndiye anaoza — lakini nibaki mke wa Mbaraka, nisigeuze neno, mpaka habari ije. Na isipokuja? "Ndivyo utakavyokaa," kasema. Kwa upole, lakini kasema.
Nina miaka thelathini na minne.
Karani kaandika jina langu, akauliza: mke wa Mbaraka, au mjane? Kangoja, kisha kaacha nafasi tupu.
Abeid na watu wake wamekaa ukutani. Swaumu hanitazami usoni, ananitazama kanga. Ni ile nyekundu, ambayo mwenye eda havai. Nimeivaa tangu alfajiri, hata sikufikiri. Mwinyijuma aliiona tukiwa njiani akageuza uso.
Haya, wanarudi. Karani kachukua kalamu. Ananiita —