Shibiri Kumi na Moja za Gaspari

Alhamisi, Rumonge. Mvua imeshika tangu asubuhi, na mama wa ndagala wamezoa dagaa zao wakakimbilia vibarazani. Mimi nina udongo mpaka kwenye kope, na nimelia mbele za watu, jambo nisilolipenda kabisa.

Nianzie Jumatatu.

Mtaa wetu ulipewa ghala kuukuu la mawese tulifanye nyumba ya kumbukumbu. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu na mdomo wangu haujui kutulia, nikajitolea kujenga humo ndani mfano wa chumba alimofungwa baba yangu wakati wa vita. Jengo lenyewe lilishabomolewa zamani. Baba hakuwahi kusimulia. Nilipomsumbua sana alinipa vipimo tu: shibiri kumi na moja kwenda, nane kuvuka, na dirisha la kupitisha ngumi. Kisha akaomba chai.

Sasa, tangu nizaliwe naambiwa nina mikono ya baba. Kwa hiyo nilipima kwa kiganja changu mwenyewe, Fundi Saidi akanifuata nyuma na kamba na matofali ya udongo. Nilijiona nimefanya la maana.

Jumatatu nikamleta aone. Alivua viatu mlangoni kama anaingia msikitini, akasimama katikati, akatazama ukuta huu na ule.

"Hapana. Hii iko kadogo," akasema. "Humu hatungeweza kulala wawili."

Wawili!

Miaka yote hii sijawahi kusikia kwamba walikuwa wawili. Na niungame hapa: kilichonijia kwanza si huruma, ni hasira. Ufunguzi ni Jumamosi, kuta zimeshakauka, halafu mzee ananiletea mtu mpya! Nikamuuliza, kwa sauti ambayo mtoto hamtolei mzazi, sasa hizo shibiri alinipa za nini.

"Mukono haikukuwa yangu, mama," akajibu polepole. "Ilikuwa ya Gaspari."

Akaketi sakafuni. Nikaketi naye.

Gaspari alikuwa fundi wa mitumbwi kutoka Minago, mtu mzima mwenye watoto. Baba alikuwa kijana, analia kila siku. Na mafundi wa mitumbwi wa kule hawana habari na mita. Kila mmoja hupima kwa kiganja chake, na hicho ndicho kipimo. Basi kila asubuhi Gaspari alikuwa anaupima ule ukuta wa chumba chao, anahesabu kwa sauti: tisa, kumi, kumi na moja. Akifika pembeni anapindisha kidole kidogo, anabana hapo shibiri moja zaidi na kutangaza, "Kumi na mbili! Kijana, leo wametuongezea." Utani ule ule kila siku, na kila siku baba alicheka, hata siku walizoshinda na njaa.

Asubuhi moja Gaspari aliitwa nje kabla hajapima. Hakurudi. Baada ya wiki chache baba alifunguliwa.

Tangu hapo amepita Minago mara ngapi akienda Bujumbura? Hajawahi kushuka hata mara moja, na nyumba anaijua, kwa sababu Gaspari alimwelekeza. "Ningewaambia nini? Kwamba mimi nilitoka?" Ndicho kilichomfunga mdomo muda wote huu, na mimi nilidhani ni ukali wake tu. Masikini baba yangu.

Jumanne nikamwambia tunakwenda. Akasema goti linamuuma. Goti! Nikamwambia chumba hakitafunguliwa bila kuwauliza wenye ule mkono. Akaenda kuvaa kanzu yake ya Idi.

Tulimkuta Dafroza, binti wa Gaspari, anauza mawese kando ya barabara, na mimi roho mkononi, maana angeweza kutufukuza na haki angekuwa nayo. Baba akamsalimu, amahoro, akakwama. Nilitaka kumsaidia, nikajiuma ulimi. Mwishowe akaanza, akasimulia yote akiwa amesimama, na Dafroza ameshika kopo lake la kumiminia bila kumimina. Alipofika kwenye kumi na mbili, yule mama alicheka. Kisha akakaa chini na kulia.

Alisema maisha yake yote amekuwa akimwona baba yake ndotoni, yuko gizani, anaogopa. "Kumbe alikuwa anachekesha watu!" Akalirudia neno hilo mara tatu, kisha akanyoosha mikono yake atuonyeshe. Mikubwa, jamani. Alisema utotoni walimcheka kwamba ana mikono ya fundi.

Jana Fundi Saidi alibomoa ukuta huku akinung'unika, na leo Dafroza ameteremka na pikipiki kwenye mvua, ameloa chapachapa. Hakutaka hata kukausha kitambaa chake cha kichwa. Alipiga magoti, akaweka kiganja chini pembeni mwa chumba, akaanza kuhesabu. Kumi. Kumi na moja. Akashika pale na kidole, Saidi akasogeza kigingi.

"Kumi na mbili," baba akasema kutoka mlangoni.

Dafroza akamtazama. Halafu akapindisha kidole chake kidogo, akakisogeza mbele, na kusema kwa sauti nzito, "Kijana, leo wametuongezea."

Baba alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kama mtoto, mpaka akashika mlango. Hapo ndipo nilipolia mimi, na udongo wangu.

Kigingi tumekipiga kwenye kumi na moja, kwa kuwa ndio ukweli. Tumekandika mpaka saa kumi, wote wanne, na Dafroza amebishana na Saidi kuhusu dirisha kama wamejuana miaka. Udongo mbichi huu sijui kama utakauka kufikia Jumamosi na mvua hii. Usipokauka, wageni watachafuka kidogo, murakoze, asanteni sana.

Jioni hii nilikuwa naandika maneno nitakayowaambia siku hiyo. Baba akaja akasimama nyuma yangu, akasoma juu ya bega langu, akaniambia vipimo niviseme mimi, lakini ile ya kumi na mbili nimwachie. Ataisema yeye mwenyewe.