Kata ya Maji Aliyoipokea Basili

Mwaka umetimia, Baba Elizabeth, tangu tulipokushusha kaburini pale kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwako, migomba ikidondosha maji ya mvua juu ya jeneza lako. Mvua zile zimerudi. Mkeo Mektrida akizisikia zikianza kupiga bati huacha alichokishika, akaenda kuhakikisha kwamba watoto wamo ndani na sufuria ya maji iko motoni.

Ulikuwa mtu wa maneno, Basili, na maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yako. Wale wataalamu wa utafiti wa maji walipokuja kutoka Moshi na chupa zao, walipima mito, mifereji yetu ya mifongo na chemchemi, kuanzia ukingo wa msitu mpaka tambarare ya Himo, wakajua kilichomo. Lakini walijua wao kwa wao. Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuwaeleza watu. Siku za soko ulisimama Himo kwenye baraza ya duka la Mzee Seleman, na Jumapili ulisimama nje ya kanisa hapa Kilema baada ya Misa, ukasema kwa Kiswahili na kwa Kichagga mpaka wazee wakacheka na kufuta machozi.

"Shikamoo, mama," ulimwambia muuza ndizi mmoja pale sokoni. "Ndizi yako ikiingia vumbi unaifuta kwa kanga. Haya, na maji yakiingia uchafu unayafuta kwa nini?"

"Maji yanatembea, baba. Uchafu unakwenda zake."

"Unakwenda wapi?"

"Huko chini."

"Na huko chini hakuna mama?"

Yule mama alishika kiuno, akacheka, na tangu siku hiyo akawa anachemsha maji yake na kuwasumbua wenziwe wachemshe ya kwao.

Nyumbani ulikuwa na vituko vyako. Ulipenda mtori wa moto kupita kiasi, ukaunguza ulimi, ukamlaumu mpishi. Hukuweza kumpita mtoto njiani bila kumuuliza amekula nini. Mektrida alikuwa akikucheka, lakini moyoni alikuwa na hofu hata siku zile za furaha. Watu walinong'ona kwamba mnayapima maji ili masetla wa Kizungu wayachukue. Alikuambia hayo waziwazi, nawe ukamjibu, "Waache waseme, Mama Elizabeth. Wakipata maji safi watapata na nguvu ya kusema zaidi." Yeye hakuona cha kuchekesha.

Kisha ikaja habari ya chemchemi ya chini, ambayo karibu nusu ya kijiji inateka. Wataalamu waliona dalili za uchafu wa choo ndani yake, na choo kilichokuwa juu yake, karibu kabisa na ukingo wa mfongo, kilikuwa cha Kalisti, kaka yake Mektrida. Ulimwendea kwa heshima, ukamweleza kwamba rangi ikimwagwa chooni itaonyesha kama uchafu wake unafika chemchemini. Akakuambia, "Shimo langu ni refu, shemeji. Mwageni hiyo rangi yenu, halafu mtaona aibu wenyewe." Mkamwaga rangi ya kijani chooni kwake, nawe ukawaita watu waje chemchemini kushuhudia.

Tulikuwapo siku ile. Asubuhi maji yalikuwa meupe, na vijana wakaanza kukutania kwamba rangi yenu imelala usingizi. Jua lilipopanda, maji yakatoka ya kijani. Wanawake walipiga ukunga na kutupa madebe. Nawe, kwa furaha ya mwalimu ambaye somo lake limeeleweka, ukasema kwa sauti, "Mmeona sasa? Kilichomo chooni ndicho mnachokunywa!"

Kalisti alikuwa amesimama katikati ya wazee wa mfongo. Macho ya watu wote yaliyaacha maji, yakamgeukia yeye. Aliondoka bila kuaga mtu.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu. Dada yake alimwamkia njiani, naye Kalisti akapita kama hakusikia. Mektrida alikonda. Nawe hukuwa na moyo wa kuyatazama hayo, kwa hiyo ulikata jani la isale, ukaenda nalo mpaka mlangoni kwake kuomba msamaha kwa kumwaibisha mbele ya watu, kama walivyofanya baba zetu. Anayeletewa isale hana budi kusamehe, na jambo lililosamehewa hivyo halizungumzwi tena. Kalisti alilipokea. Tulikunywa mbege, tukacheka, na shemeji yako akakushika bega.

Mlipokuwa mnarudi, Mektrida akakuuliza, "Na choo, Baba Elizabeth?"

Ulisimama njiani. Ukageuka kuitazama njia mliyotoka.

Hukuwa umelifikiria hilo, wala sisi hatukulifikiria. Kalisti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesamehe kwa moyo mweupe, na kwa sababu yamekwisha, hakukihamisha choo. Kukihamisha kungekuwa kukiri kwamba aibu ingalipo. Nawe, uliyewasemesha watu wa mlima huu mpaka wakachoka kukusikiliza, ukawa bubu mbele ya choo kimoja. Watu nao walipoona rangi imepotea na wewe umenyamaza, wakarudi chemchemini na madebe yao. Wataalamu walikuwa wamekwenda kupima kwingine.

Mvua za masika zikaja, udongo ukaporomoka, mfongo ukaziba. Pembe ikalia kuwaita wanaume wote kwenda kuuzibua. Jua lilipokuwa kali maji ya kunywa yakaletwa kutoka chemchemi ile. Kalisti akachota kwa kata, akakupa wewe kwanza mbele ya wote, kwa kuwa wewe ni shemeji yake. Walioshuhudia walituambia kwamba uliitazama ile kata kidogo, kisha ukaipokea kwa mikono miwili, ukanywa mpaka mwisho. Kalisti naye akanywa baada yako.

Jioni ile ulikaa kwenye kigoda bila kugusa mtori.

"Leo nimekunywa," ukamwambia Mektrida.

"Umekunywa nini?"

"Maji ya chemchemi. Kaka yako alinipa kwa mkono wake."

"Ungesema huna kiu! Ungeyamwaga kwa bahati mbaya!"

"Mbele ya watu, Mama Elizabeth? Angejua kwamba ninamkataa yeye. Na isale je?"

Tangu hapo kila asubuhi Mektrida alikuwa akikugusa paji la uso, nawe ukimcheka na kumwita daktari. Mpaka asubuhi moja akakugusa, na hukucheka. Hospitali mjini Moshi walisema ni homa ya matumbo. Ulikwisha mikononi mwetu, ukiomba maji, na tuliogopa kukupa hata yale tuliyoyachemsha wenyewe.

Tangu ututoke watu wamesema mengi. Wako wanaosema kwamba rangi ya kijani ndiyo iliyokuua, kwamba uliivuta puani wakati wa kuimwaga. Wako wanaosema kwamba ulikuwa na kinyongo na isale ikakurudi. Mektrida ameyasikia yote na hakumjibu mtu. Aliogopa kusema, asije akaivunja isale uliyoipeleka kwa mkono wako na balaa likawaangukia watoto. Aliogopa pia kunyamaza, kwa sababu choo kingali pale na watoto wa watu wanateka. Siku moja mwanao Eliona alikuja akisema amekunywa maji kwa jirani. Mama yake alimpiga kofi, kisha akamkumbatia na kulia mpaka yule mtoto akaanza kumbembeleza yeye.

Wiki iliyopita mawingu yalipoanza kushuka kutoka mlimani, alijifunga kanga akaenda kwa kaka yake. Hakubeba jani lolote. Alimkuta ameketi mlangoni, anakamua kitambaa chenye maji.

"Kaka, shikamoo. Nimekuja kulisema lile la maji tulilolifunga kwa isale. Tutaliandika gazetini, watu wajue."

Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Kalisti hakuinua hata uso.

"Apolonia ana homa," alisema. "Hali chakula tangu juzi. Ingia umguse, dada. Wewe unaijua."

Mektrida akaingia, akaweka kiganja kwenye paji la binti wa kaka yake. Aliijua.

Kwa hiyo tunakuambia wewe, Basili, na wengine wasikie. Haikuwa rangi. Haikuwa isale. Yalikuwa maji ya chemchemi ya chini, uliyoyasema mapema na kisha ukanyamaza kwa upendo. Anayeteka pale ayachemshe mpaka yatokote, na asione haya kuikataa kata, hata akipewa na ndugu yake. Choo kimefukiwa. Lakini mvua haijaacha, na hatujui ni nani mwingine aliyekwisha kunywa.

Unakumbukwa na mkeo Mektrida. Watoto wako Elizabeth na Eliona. Rafiki yako Mzee Seleman wa Himo, ambaye ameiacha baraza yake wazi kwa yeyote atakayeendeleza maneno yako. Na shemeji yako Kalisti, aliyetuagiza tuliandike jina lake hapa, yeye mwenyewe akiwa hospitalini Moshi kando ya kitanda cha Apolonia. Mtoto bado hajafumbua macho.

Hatukukusahau hata siku moja, Baba Elizabeth, wala hatutakusahau. Utuombee. Tunaogopa.